Shoki mpya za buti na mbuzi wa ntheo

Nimerudishiwa gari sasa hivi.

Ni ile saloon ya marehemu baba, ya miaka ya sabini. Buti yake tumeishikilia na kijiti tangu nikiwa mtoto.

Asubuhi fundi wa Tawa akaniwekea shoki mpya. Ukigusa tu, buti inapanda yenyewe. Nikajiona mtu.

Mjomba akaomba gari apeleke mbuzi wa ntheo, wale wa posa, kwa wakwe, Mbumbuni. Nani hukataa ntheo?

Sasa, mjomba amezoea buti ya zamani. Ukiiacha bila kufunga, inajilalia kwa uzito wake na mbuzi wanapata hewa. Akaiacha hivyo.

Kufika kwa bump, buti ikapanda yote. Wakwe walimkuta akifukuza mbuzi ndani ya shamba lao la ndengu.

Gari imerudi ikinuka mkojo mpaka kwa usukani. Nafungua buti, haipandi.

“Shoki ziko wapi, mjomba?”

“Nilizing’oa, kijana yangu. Hizo zitakuaibisha.”

Ziko humo ndani, chini ya mavi ya mbuzi.

Halafu akanipa kijiti kipya, amekichonga mwenyewe. Bado amesimama hapa mlangoni, anangoja asante.

Nyinyi mngemwambia nini?