Majivu Makavu Chini ya Sufuria

Madam aliniambia niitupe. "Khalas, ina tundu," alisema, akaiacha sufuria karibu na gari nililokuwa nikilifuta. Ulikuwa mwaka wangu wa sita nikiwa dereva wa nyumba hiyo ya Mirdif, huku Uarabuni. Sikuitupa. Niliipeleka chumbani kwangu nyuma ya gereji, kwa sababu kwetu Taita nyanya alikuwa na sufuria kama hiyo, na bado alikuwa akimsubiri fundi aje kuiziba.

Labda na kwenu alipita mmoja. Wetu alikuja kwa miguu baada ya mavuno, akigonga kipande cha bati njiani, na kabla hajafika uani wanawake walikuwa wameshatoa vyombo vilivyotoboka. Akimaliza kupigilia kiraka, nyanya alimwaga majivu makavu juu ya jiwe bapa, akaijaza sufuria maji na kuiweka hapo. Majivu yakilowa, fundi alianza upya. Yakibaki makavu, sufuria ilipikiwa pure ya mahindi na maharagwe, na fundi ndiye aliyekula wa kwanza.

"Kula polepole," nyanya alimtania, "usimeze kiraka chako."

"Hiki kitakuzika wewe, mama," alijibu huku akitafuna.

Mwaka mmoja hakuja, na uliofuata pia. Vyombo vya bei rahisi vilikuwa vimefika hadi duka la kijijini. Nyanya aliitundika ukutani sufuria yake iliyotoboka. Nilimtumia mpya kutoka madukani huku Deira. Akashukuru, akahifadhia unga.

Basi nilitaka nijifunze kabla ya likizo, niizibe yake angali na nguvu za kupika. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika, nami nilizitumia zote kujaribu kuziba sufuria ya madam. Majivu sikuyapata, maana hapa watu wanapikia gesi. Nilichota mchanga nje ya lango. Mara tatu ulilowa.

Ijumaa ya nne nilimpigia tena nyanya simu.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake, "mchanga unasemaje?"

"Umelowa kidogo tu, nyanya. Upande mmoja."

"Basi hakuna kula. Anza upya."

Niliking'oa kiraka, nikakaa nacho mkononi, mgongo ukiniuma. Miaka yote ile tuliyakodolea macho majivu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama mikono ya fundi.