Nilikwenda Arles kutazama tu, na nikarudi Mutuini nikakuta nyumba yangu ina mtu

Wakuu, nawasalimu nyote, wa rika langu na walionizidi. Ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe mwaka jana, na sitayatia chumvi. Yalivyo yanatosha.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha Kilatini na historia ya Warumi katika seminari moja upande wa Karen, na naishi Mutuini, pembezoni mwa jiji, katika nyumba ya vyumba viwili niliyoijenga kwenye shamba la familia. Mama anakaa ng'ambo ya ua. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, ndiye msemaji wa familia, hasa pale ambapo hajaombwa kusema.

Kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi ubaoni uwanja wa Warumi ulioko Arles, mji wa kale kusini mwa Ufaransa. Nimechora matao ya chini na matao ya juu, mahali walipoketi wakubwa na mahali walipoketi wanyonge.

Sikuwahi kuuona.

Basi likizo ya Agosti ilipokaribia, nikaamua nitakwenda siku nne, nitatazama, nitarudi. Hayo ndiyo yote.

Afisa wa viza, dada mmoja mstaarabu, aliniuliza swali lile lile kwa namna nyingi.

"Kwa hiyo huendi kusoma?"

"Siendi."

"Na huna mtu huko?"

"Sina."

"Sasa Arles kuna nini?"

"Mawe, dada."

"Na utarudi?"

"Shule inafunguliwa Septemba. Nisiporudi, nani atafundisha?"

Viza nikapewa. Nilidhani nimevuka mtihani mgumu zaidi. Wapi.

Baba mdogo alichinja mbuzi, akaita majirani, akasimama kuniombea: "Mungu, mfungulie mtoto wetu milango huko. Na huu wa kurudia, ufunge."

Wote wakasema amina. Mama naye.

Niliposema kwa sauti kwamba ninarudi Jumatano, walicheka. Jirani mmoja, mama wa makamo, akanigonga bega: "Mwalimu, sema hivyo hivyo mpaka ndani ya airport."

Hata River Road mjini, nilikokwenda kununua mfuko wa safari, muuzaji aliukataa mfuko niliouchagua. "Mzee, hiyo ndogo ni ya kwenda Nakuru. Mtu wa majuu anabeba maisha yake yote." Nikamjibu kwamba maisha yangu yatabaki Mutuini, nikaondoka na ule mdogo.

Arles sasa.

Nilishuka kwenye treni asubuhi, nikatembea kwa miguu hadi uwanjani. Mzee aliyekaa dirishani akiuza tiketi alinipa yangu, akanirudishia chenji, akamwita mtu wa nyuma yangu.

Wakuu, huyo ndiye mtu wa kwanza katika safari ile ambaye hakuniuliza nitarudi lini.

Niliingia nikaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa na joto la jua. Nikapanda hadi safu za juu, kwa wanyonge, nikaketi. Nikagundua kwamba kwa miaka yote ile nilichora ngazi zikiwa pana kupita kiasi, na nikafurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Mchana wote nilikuwa pale. Siku iliyofuata nilitembea kwenye njia yenye majeneza ya mawe pande zote mbili, kisha nikarudi uwanjani tena.

Nitoke nje ya mada kidogo. Warumi walipokwisha kuondoka, wenyeji walihamia ndani ya uwanja ule, wakajenga nyumba kati ya matao na kuishi humo vizazi kwa vizazi. Likumbukeni hilo.

Jumatano nikafika Mutuini. Mlangoni kwangu kulikuwa na viatu visivyo vyangu.

Ndani alikuwamo Njoroge, mtoto wa baba mdogo, amelala kwenye kiti changu anasikiliza redio. Aliruka. "Ai, Mwalimu! Si tuliambiwa umeishia huko?"

Warumi walipewa muda mrefu kabla watu hawajahamia mahali pao. Mimi nilipewa siku nne.

Baba mdogo alifika hata sijaweka mfuko chini. "Umefukuzwa?"

"Sikufukuzwa. Nimemaliza kutazama."

"Kutazama nini? Watu wanalilia nafasi hiyo, wewe unairudisha! Sasa huyu kijana ataenda wapi? Mpe basi mwezi mmoja."

"Hapana, baba mdogo. Hii ni nyumba yangu, na nilisema Jumatano."

"Umetuaibisha."

"Niliahidi kurudi mbele ya mbuzi wako. Aliyeaibika ni nani?"

Njoroge, ambaye si mtu mbaya, alikuwa tayari anakunja godoro lake.

Vitabu vyangu nilivikuta chini ya kitanda cha Mama, vimefunikwa kwa leso yake ya kujifunga. Sikumuuliza kitu kuhusu ile amina. Nilimwonyesha picha, naye akazipitia moja moja.

"Hapa ulikaa?"

"Mchana mzima."

"Ukifanya nini?"

"Nikitazama."

Kisha akasema, "Mimi sijawahi kwenda mahali kutazama tu. Kila safari yangu ni mazishi au harusi."

Wiki iliyopita aliniomba ule mfuko mdogo. Anataka kwenda Nyahururu kuona maporomoko, ambayo aliwahi kuyapita akiwa ndani ya basi la matanga, na basi halikusimama.

Baba mdogo alisikia, akaja mbio. "Nyahururu kuna nani?"

Mama alikuwa akikunja sweta yake. Hakuinua kichwa.

"Hakuna mtu. Kuna maji."

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba mtu anayekwenda mbali kutazama tu hana wa kumwamini: wa kule wanahofu atabaki, wa kwetu wanahofu atarudi. Hadaiwi maelezo na yeyote. Aende, atazame, arudi kwake.

Mnaoona nilichezea bahati, karibuni mseme, nitawasoma nyote. Ila kila mmoja atuambie kwanza ni wapi aliwahi kwenda bila kuitwa, bila kutumwa, kwa ajili ya macho yake peke yake.