Samadi Mbichi Niliyoiombea Baraka

Bwana asifiwe, wapendwa. Natumaini mu wazima.

Leo mahindi ya jirani yangu mjane, Mama Karimi, yamenihukumu.

Kabla ya mvua nilimgawia samadi ya mbuzi. Nilimpa mbichi ya juu, ambayo huunguza miche. Iliyooza vizuri nikaiweka kwenye shamba langu.

Asubuhi hii nimekuta miche yake imekauka.

Nikampelekea toroli la samadi iliyoiva, nikakiri kosa.

“Nilijua ni mbichi, Mzee,” akasema. “Lakini uliiombea baraka. Ningeitupaje?”

Tangu hapo nakaa, nasimama. Mvua ingalipo, atapanda tena. Lakini neno lake nawaletea ninyi.

Ninyi mngemwambia nini?

Mungu azibariki nyumba zenu, na atufundishe kutoa kilicho chema.