Boksi la Maziwa la Suyun

Qin Suyun alikuwa fundi wa jinzi huko Foshan, na kiwandani hapakuwa na wa kumshinda kwa kupatana bei. Viatu alivyovaa alivinunua nusu bei kwa kumwonyesha muuzaji uzi mmoja uliofumuka. Kwa hiyo alipomwacha bintiye mchanga, Manman, kwa mama mkwe kule milimani Guangxi na kurudi kazini, hakulia mbele za watu. Alianza kupatana.

Alianza na msimamizi wake, Bi Pang.

"Nipe stoo ya zipu, asubuhi na alasiri, nikamue maziwa."

"Kazi yangu ilale?"

"Hailali. Saa ya chakula nitakuwa nashona. Ichukue wewe."

Bi Pang alimpima kwa macho. "Ungezaliwa ng'ombe, wewe, ungemtoza mwenye zizi kodi." Akampa ufunguo.

Mzee Kuang, mpishi wa kantini, alimwachia pembe ya friza chini ya samaki, naye Suyun akawa anawapindia wanawe suruali. Akabaki dereva wa basi la vitanda la Guangxi, ambaye alitaka boksi la maziwa yaliyogandishwa lilipiwe nauli ya mtu.

"Mtu gani huyu hakoromi wala haombi kusimamishiwa basi akojoe?" Suyun akamwuliza. "Mlaze hapo miguuni pako, mjomba. Ila ukisikia njaa njiani, usimnywe."

Dereva alicheka mpaka akasahau nauli.

Bwenini walimsimanga. "Mnunulie ya kopo kama wenzako, ulale."

"Kopo linanunulika dukani," alijibu. "Mama je?"

Hakuwaambia lililokuwa likimkereketa. Aliwaona wenzake waliorudi kwao mwaka mpya, watoto wao wenyewe wakawaamkia shangazi. Yeye alitaka siku akirudi, Manman ashike ziwa kama aliyeliacha jana. Kwa hiyo alikamua mpaka chuchu zikachubuka, na kila boksi lilipofika mama mkwe alisema kwenye simu, "Amekunywa, mwanangu. Hajabakisha."

Kiwanda kilipofungwa kwa sikukuu ya kusafisha makaburi, Suyun alipanda basi na boksi lake mapajani, bila kupiga simu. Alimkuta mama mkwe uani, Manman mgongoni. Akanawa, akaketi kwenye kigoda, akafungua vifungo.

Mtoto alilitazama ziwa. Akalisukuma kwa kiganja, akapiga kelele, akamnyooshea bibi yake mikono.

"Ana njaa huyo," mama mkwe alisema, akaingia jikoni haraka. Suyun akamfuata, akamkuta akitoa kopo la maziwa ya unga nyuma ya mtungi wa mchele.

"Tangu lini, mama?"

Mama mkwe aliendelea kukoroga. "Tangu boksi la pili. Yananuka samaki. Nilimtilia kwenye uji akatema, nikamwekea kwenye kijiko akatema."

"Na hayo mengine yote?"

"Nimeyamwaga ukutani, nyuma ya banda la bata. Sikuyamwaga njiani; wazee husema maziwa ya mama yakikanyagwa, mwenyewe hukauka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kukamua. Nikasema, acha yawepo, huenda akimwona mama mwenyewe atanyonya."

Suyun alikwenda nyuma ya banda. Ukuta wa udongo ulikuwa na michirizi myeupe iliyokauka, na sisimizi walikuwa wakipanda. Alisimama hapo akifikiria friza. Hakuwahi kununua shati bila kulinusa kwapani, lakini friza ya Mzee Kuang hakuinusa.

Siku zote za sikukuu alijaribu. Alimvizia mtoto akiwa na usingizi, akampaka maziwa mdomoni. Manman aliramba, akakunja uso, akamtafuta bibi. Kubaki hakukuwezekana. Kopo lile lilinunuliwa kwa mshahara wa cherehani yake.

Siku ya safari mama mkwe alimpa kifurushi cha shayiri iliyochipuzwa na kukaangwa, ile wanayokunywa wanawake wa huko kukausha maziwa. Suyun akakitia mkobani.

"Leo abiria wetu yuko wapi?" dereva alimwuliza.

"Ameshuka."

Kiwandani aliuweka ufunguo wa stoo mezani kwa Bi Pang. Bi Pang aliutazama, akamtazama na yeye.

"Basi saa yako ya chakula ichukue," alisema.

Suyun hakukumbuka mara ya mwisho alipopewa kitu bila kukipigania. Mchana alikaa kantini na bakuli la tambi lililopoa mbele yake, hajui saa nzima mtu anaifanyia nini. Shati lilikuwa limelowa maziwa upande wa kushoto, halafu wa kulia. Akafunga koti mpaka shingoni, akangoja kengele.