Nilimnunulia dume wangu virutubisho vya uzazi, vikaliwa na Mwinjilisti

Wakuu, habari za muda huu. Jana nimecheka peke yangu hadi mgonjwa wodini akaniuliza kama nipo sawa, nikaona bora niwamwagie hapa. Ni kweli tupu, na mhusika mkuu ameniruhusu mradi nisimtaje jina.

Mimi ni nesi wa kiume, mtu wa Singida. Kazi imenileta Tukuyu, naishi Makandana, na nimeoa huku huku. Ukweni ni Suma.

Pale ukweni nafuga dume la ng'ombe wa maziwa. Kifua kama kabati. Watu wanaleta majike yao kupandwa kutoka vijiji vya jirani. Alfajiri analia hadi waliolala wanaamka, ndiyo maana mimi na wife tukampa jina la Mwinjilisti.

Mama mkwe hilo jina alilikataa kabisa. Yeye anasema "ng'ombe yako" basi. Hapo ndipo nilipaswa kuweka akili.

Sasa kwa wasiojua: wazee wengi wa Kinyakyusa Z kwao inatoka S. Zawadi ni sawadi, mzigo ni msigo. Nimezoea. Kila S ya mama mkwe naigeuza Z kichwani, fasta, wala sifikirii.

Siku moja nipo shifti, mama akapiga. Mtandao wa kule unakatakata.

"Baba, Mwinjilisti hasalishi tena. Amechoka kweli. Tusaidie dawa."

Mimi nikasikia HAZALISHI.

Dume asiyezalisha ni kitoweo tu. Na utauliza nini? Huku mkwe na mkwe hata macho hawakaziani, sasa umuulize mama wa mkeo kama jamaa anapanda bila kutia mimba au hapandi kabisa? Nikasema, "Nimeelewa mama, nguvu zitarudi."

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji akanipa unga wa virutubisho vya madume, una zinki, seleniamu na vitamini E. Akaniambia kama mwili umepungukiwa unasaidia mbegu, ila nisitarajie kitu kabla ya wiki kadhaa.

Mfuko ulikuwa umechanika, nikahamishia unga kwenye kopo la maziwa. Kwa mazoea ya kazi nikaandika juu: MWINJILISTI, kijiko 1 × 2. Nikampa bodaboda, nikampigia mama.

"Achanganyiwe kwenye chakula. Apumzike. Na kwa sasa asikutane na akina mama."

Akina mama nilimaanisha majike, wakuu. Nilikuwa natafuta lugha ya staha!

Mama akauliza, "Hata wale wa Alhamisi?"

Nikajua kuna majike yanaletwa Alhamisi. "Hao ndiyo kabisa, mama."

Wiki zikapita. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile: "Anakula visuri, ila bado hajasalisha." Nikakata tamaa. Wife alilia, maana yule dume alimnywesha maziwa kwa chupa tangu ndama. Lakini kumlisha dume asiye na kazi ni kufuga hasara. Nikaongea na mchinjaji mmoja wa Kiwira, Jumamosi tukaenda naye Suma, kamba begani.

Tukamkuta mama mkwe uani na bwana mmoja wa makamo, kavaa koti, anakunywa uji kwa raha zake. Mchinjaji hana salamu ndefu.

"Mwinjilisti ndiye yupi? Nimwone mwili kwanza, ndipo tumchinje."

Yule bwana akaweka kikombe chini polepole.

"Ni mimi," akasema.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Mama akashika kichwa. "Baba, unamchinja mtumishi wa Mungu? Si wewe uliyemletea dawa? Kesho ndiyo anasalisha!"

Nikageuka, nikaliona kopo langu kwenye kigoda, kijiko ndani. Mwinjilisti wa kanisani kwao, mtu halisi, sauti ilikuwa imemkauka, akawa hasalishi ibada. Alikuwa anachanganya ule unga kwenye uji asubuhi na jioni. Na akina mama wa maombi ya Alhamisi alishawatimua kwa maelekezo ya nesi.

Nikamnyang'anya kopo pale pale, nikampima presha, na baadaye nikampeleka kwa daktari. Yupo salama. Nilipomweleza dawa ile ilikuwa ya nani, alicheka hadi akaegemea ukuta. Sauti ilisharudi. Daktari anasema kilichomsaidia ni kupumzika, yeye hakubali.

"Na ng'ombe, mama?"

"Ng'ombe yako ina shida gani? Ng'ombe ya jirani ina mimba. Ya kule bondeni ina mimba. Watu wanakushukuru, ndaga fijo!"

Nikampigia wife. Hakuweza kuongea, nikamsikia analia na kucheka pamoja. Mchinjaji alipewa mkungu wa ndizi, akaondoka na kamba yake. Na mama mkwe, ambaye tangu nioe hajawahi kuniangalia usoni, aliniangalia, akajifunika kanga, akacheka hadi machozi. Nilifurahi sana siku ile, sitaki kuwaficha.

Nimejifunza hivi: dume akisemekana hazalishi, mwite daktari wa mifugo ampime kabla ya kukimbilia virutubisho. Unga wa ng'ombe ubaki wa ng'ombe, jamani, usijaribu nyumbani. Na mkwe wako muulize vizuri, hata kwa aibu. Staha yangu ilibakiza hatua moja tu nimuue dume mzima.

Nililala huko huko, Jumapili nikaenda kanisani. Mwinjilisti alisalisha hadi mabati yakatetemeka, na akina mama wa Alhamisi wamejaa benchi la mbele, wote wananiangalia mimi.

Povu ruksa. Ila wenye wakwe waanze.