Kipande cha Mwisho cha Ukuta

Mama Nyundo alipata jina hilo kabla hajapata mtoto. Bega lake la kulia limepanda juu kuliko la kushoto, na meno matatu ya mbele hayapo. Kazi yake ni kuvunja mawe kuwa kokoto. Mawe anayoyavunja ni mji.

Mji huo ulikuwa mkubwa wakati kwingine kote hapa ni pori. Ulianza kwa visima vya chumvi, ukanenepa kwa ushuru wa misafara, kisha ukagundua kwamba kuteka watu ni rahisi kuliko kuwauzia chumvi. Mateka ndio waliojenga ukuta, na waliokufa kazini walifukiwa humohumo. Wafalme wake wa mwisho walikuwa ndugu wawili waliogombea kiti. Mmoja aliwaita wageni wamsaidie. Wageni wakachimba chini ya ukuta, wakaushikiza kwa magogo, wakayachoma magogo. Ukuta ukalala chini, na mapanga yakaingia. Ndugu wote wawili waliuawa siku hiyo. Walionusurika walihama, kwa sababu visima vilijaa maiti.

Wavunja mawe walikuja baadaye sana, wakagawana magofu. Kila ukoo ulichukua kipande cha ukuta na kupaka chokaa mpakani. Kuvuka chokaa ni wizi. Na jiwe hutolewa kuanzia juu, kamwe si chini. Mama Nyundo na mdogo wake, Kifaru, waligawiwa kipande cha baba yao nusu kwa nusu. Kifaru aliimaliza yake kwa pupa, akichokonoa kutoka chini. Dada yake hakuigusa yake, akavunja vifusi vya chini tu. Kwenye ukuta alikuwa ameegemeza nyumba: vyumba viwili, kuta tatu za udongo, na ukuta wa nne wa wafalme.

Asubuhi moja Kifaru alikuja na vijana wanne na mitaimbo. Binti wa Mama Nyundo alikuwa chumba cha nyuma, amejifungua wiki hiyo.

"Dada, toeni vyombo. Nauchukua huu ukuta."

"Kamchukue mkeo kwanza, alikukimbia."

Vijana wakacheka. Kifaru hakucheka.

"Baba alituachia sote."

"Na akatugawia. Chokaa ile pale."

"Imefutwa na mvua."

"Mvua gani hiyo inayonyesha upande wangu tu?"

Kifaru akamsukuma apite. Dada yake akampiga nyundo ya kifua. Kifaru akayumba, akainua mtaimbo, akampiga nao mdomoni. Hapo ndipo meno yalipokwenda. Vijana wawili wakamburuta hadi uwanjani. Mmoja wao aling'atwa kidole hadi mfupani, kwa meno yaliyobaki.

"Mjomba, ngoja nitoke!" binti akapiga kelele kutoka ndani.

Kifaru alimngoja. Hilo dada yake hulikubali hata leo. Binti alipotoka na kichanga, Kifaru akaanza kuchimba msingi, akachomeka magogo mawili, akaingia chini yake hadi kiunoni. Gogo moja likateleza. Ukuta ulipaswa kuangukia nje. Uliangukia nyumba, na jiwe la msingi likamkalia Kifaru mapajani.

Vijana walikimbia. Majirani nao walikimbia, ila wao kuja, na kila mmoja na karai lake au toroli. Maana kwa wavunja mawe chokaa hulinda ukuta uliosimama tu. Jiwe lililoanguka ni la atakayeliwahi.

Mama Nyundo alijua hivyo kuliko wote. Mawe yale ndiyo yaliyokuwa nyumba yake, na ndiyo pekee ambayo yangeijenga upya. Alisimama kati ya rundo na mdogo wake, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Mama, mawe!" binti akalia. "Wanayamaliza!"

Mama Nyundo alichukua tindo akalikabili jiwe la msingi. Kila pigo lilipenya hadi kwenye mifupa ya Kifaru, naye akapiga mayowe, akamtukana dada yake, akamwita mama.

"Mchimba kaburi huingia mwenyewe," jirani mmoja akatania, akipita na toroli lililojaa.

Mama Nyundo akaokota jiwe, akampasua paji la uso, akarudi kwenye tindo.

Jiwe lilipopasuka, jua lilikuwa utosini. Alimvuta Kifaru kwapani. Mguu mmoja ulifuata mwili, mwingine ulining'inia kwa ngozi. Kifaru akafumbua macho, akatazama mahali ukuta ulipokuwa. Palikuwa peupe, pamefagiliwa.

"Dada, mawe yako wapi?"

"Yamekwenda kwa watu," akamjibu, akiirarua kanga yake kwa meno ya pembeni. "Tulia, nikufunge."