Mahindi Manne Yaliyopona

Jumanne saa nne asubuhi, mama mmoja mkulima aliweka bua kavu la mahindi juu ya kaunta ya duka la pembejeo, Dongobesh.

“Shikamoo, mama,” alisema bwana shamba aliyekuwepo.

“Marahaba. Maji yalituama shambani siku tisa, mahindi ya mbegu yenu yakafa. Yalipona mahindi manne tu, ya mbegu ya zamani ya mama mkwe. Nataka hiyo.”

Bwana shamba aligusa mizizi iliyoota juu, pale maji yalipofikia. “Uwezo huu wa kuhimili maji ni wa kurithi. Dukani hatuna. Umebakiza punje?”

“Tuliyachoma, tukala.”

“Yote, mama?”

“Mwanangu, ulitaka watoto walale njaa wakitunza ukoo wa mahindi?”

Wataalamu huitafuta mbegu kama hiyo miaka mingi. Njaa iliifikia kwanza.

Mama alinunua mbegu ileile ya dukani iliyofia majini. Bua aliliacha kwenye kaunta.